Chembe ya Buluu kwenye Figa la Tatu

Jumatatu, 3 Julai 1995

Foleni ya maji tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndoo mbili. Mwanamke wa mbele yangu kaingiza na ndoo ya dada yake, tukatukanana, yakaisha. Vumbi.

Figa moja limepasuka, uji wote ukamwagika. Mama mkwe kaukomba chini kwa kijiko. Nimezunguka kutafuta jingine, wapi. Mawe yote ya karibu yameshawekwa juu ya maturubai yasipeperuke. Tumelala na mahindi mabichi ya kutafuna.

Jumanne, 4 Julai

Saa tano mchana, mshindo. Mkubwa mmoja, halafu midogo midogo, kama lori linalomwaga kokoto. Kambi nzima tulijua ni mizinga kutoka kwetu Burundi, ng'ambo ya mpaka. Watu wakakunja maturubai, wakafunga watoto mgongoni. Wengine walifika barabara ya Benaco ndipo askari wakawarudisha. Mimi nilijikuta nimeshika sufuria na kadi ya mgawo. Ndivyo nilivyookoa.

Hapakuwa na vita. Jioni mama mkwe karudi kutoka porini bila kuni. Ana jiwe ndani ya kitenge. Kalikuta kwenye shimo jipya, jeusi, la kukaa vizuri. Kalipanga mahali pa lile lililopasuka. Tukapika maharage.

Jumatano, 5 Julai

Nikisonga ugali, mwiko ukagonga lile jiwe, likabanduka pembe. Nje ni jeusi kama limepakwa lami. Ndani ni kijivu, lina madoa meupe.

Nikaacha ugali ukaungua.

Bujumbura kazi yangu ilikuwa kukata mawe. Maabara ya madini, miaka tisa. Nayakata, nayasugua mpaka yanapitisha mwanga, nampa mkubwa aangalie kwa hadubini. Nilikimbia na lenzi yangu shingoni, ndiyo dhahabu niliyotoka nayo. Nimeangalia lile doa jeupe juani. Katikati kuna chembe ya buluu. Ndogo kuliko punje ya chumvi.

Niliwahi kuiona mara moja tu. Mkubwa wangu alikuwa na kipande cha jiwe lililoanguka kutoka angani, akaniita nichungulie. Akaniambia inaitwa hiboniti. Kwamba jua lilipokuwa bado linajitengeneza, yote yakiwa moto na mvuke, mvuke ule ulipoanza kupoa hii ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kabisa kuganda. Dunia hata haijawa. Nilidhani ananichezea.

Sasa ninaipikia maharage.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemwambia mama mkwe tubadilishe jiwe. Kakataa. Nimemwambia limetoka mbinguni. Kasema basi limekuja lenyewe, niliache.

Figa la tatu ni la mwenye nyumba, anasema. Kwao Muyinga mwenye nyumba akiwa safarini haling'olewi. Likipasuka unaweka jingine, lakini kuling'oa zima ni kumzika mtu. Mume wangu Saidi yuko njiani, nataka kumzika?

Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura mjini. Kwetu tulipikia makaa, mambo ya mafiga nimeyakuta kwake. Lakini nililiacha. Saidi alinivusha mpaka mimi kwanza, akarudi kumchukua mama yake. Siku ya tatu mama akaja peke yake. "Yuko nyuma, anakuja." Huu mwaka wa pili yuko nyuma.

Jumatatu, 10 Julai

Mama mkwe kaenda kwenye mgawo. Nikachukua panga, nikabandua kipande kama kidole gumba. Nilikuwa nachungulia njia kama ninaiba kuku.

Nimempa Injinia Byabato, Mhaya anayechimba visima vya kambi. Ana rafiki ofisi ya madini Dodoma. Kageuza kipande, kanusa, kacheka. Baadaye kaangalia kwa lenzi, akaacha kucheka. Kakifunga kwenye leso.

Nataka kutoka hapa. Nimeliandika ili nilione. Kilomita nne kila upande, ukizipita unarudishwa kwenye gari la askari. Miguu yangu imesahau kwenda mahali. Inakwenda foleni tu.

Jumamosi, 22 Julai

Dodoma bado hawajajibu.

Jiwe linakufa. Kila moto linadondosha unga. Ile chembe haina shida, ilizaliwa kwenye moto mkali kuliko wa kuni zetu, lakini kilichoishika ni laini. Napika mara moja kwa siku. Nimesingizia kuni hakuna. Mama mkwe kaenda kuni mwenyewe, kwa magoti yale, karudi na mzigo mkubwa kuliko yeye. Nimejiona mshenzi.

Jumanne, 1 Agosti

Wageni wamekuja kwa malori mawili. Nimekwenda getini kuangalia nyuso, kama kawaida. Hayupo.

Jumatatu, 14 Agosti

Jibu limekuja. Ni yenyewe. Wanalitaka jiwe lote kabla halijaharibika, na wanamtaka aliyeitambua kwa lenzi tu. Mkata mawe wao amestaafu. Injinia kanitafutia kibali. Jina moja: Zaituni. Gari linaondoka Jumamosi.

Nimeuliza kuhusu mama mkwe. Injinia kakuna kichwa. Kibali cha watu wawili ni maombi mapya, miezi, labda kisipatikane. Dada Zaituni, kaniambia, bahati haibishi hodi mara mbili hapa kambini.

Sikulala.

Jumatano, 16 Agosti

Nimemwambia mama mkwe. Kasogeza kigoda chake karibu na jiko, kakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni. Injinia kaja, kampa shikamoo, kaitikia marahaba bila kuinuka. Kamweleza vizuri, kwa upole. Alipomaliza, mama mkwe kamuuliza kama mama yake yu hai. Injinia kasema yu hai. "Basi nenda kamsalimie."

Namchukia. Nampenda pia, lakini leo namchukia.

Ijumaa, 18 Agosti

Adhuhuri nimerudi na maji. Moto umezimwa. Mafiga mawili. La tatu liko mapajani mwa mama mkwe, kalifuta majivu kwa ncha ya kitenge.

Kasema Saidi hayuko nyuma. Walimpiga risasi bondeni, kabla ya mpaka. Alimfunika yeye mwenyewe, kwa majani ya mgomba, hakuwa na jembe. Akaja akaniambia anakuja kwa sababu aliogopa: nikijua sina mume, nitaona sina mkwe.

Nimemwambia neno ambalo sitaliandika.

Nilikwenda getini kila lori. Kila lori. Eda yangu imepita nikiwa kwenye foleni ya maji. Hata kumlilia mume wangu nimenyimwa. Nimelia leo, nyuma ya vyoo, ndipo mahali pekee pasipo na watu, na hata hapo mtu kagonga bati niharakishe.

Kesho naondoka. Nimefunga kitenge, lenzi, daftari hili.

Jumamosi, 19 Agosti

Niliamka kabla ya adhana. Mama mkwe alikuwa amekaa penye jiko baridi. Hakuniuliza saa ya gari. Alikuwa anajaribu kuweka sufuria juu ya mafiga mawili. Inainama, anaishika. Anaiachia, inainama. Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili nayo yalikuwa hayaiinjiki. Hakuniita nimsaidie.

Nikatoka. Nilikwenda mbali, karibu mwisho wa zile kilomita nne. Nimepata jiwe jekundu, la kawaida, zito.

Injinia kalichukua lile jeusi, kalifunga kwenye blanketi lake. Nimempa na barua ya kupeleka Dodoma: nitakuja kibali kikiwa na majina mawili. Kaisoma pale pale, kaitia mfukoni. Vumbi la gari lilikaa hewani muda mrefu.

Nikachimbia lile jekundu mahali pake. Nikaweka sufuria, ikakaa. Mama mkwe kaniuliza hili ni la nani.

Nikamwambia langu.

Tukachambua maharage. Yaliiva saa nane.