Milango Kumi na Tisa ya Wapolandi

Jumatatu, 12 Januari

Ngazi zote nne zimekwisha kabla ya saa nne. Changarawe tupu, ile inayomwagwa barabarani kwa ajili ya barafu. Watu wa mtaa huu wa Hagsätra wanabeba barabara nzima kwenye viatu, wanaimwaga ndani, kisha wanalalamika kwamba ngazi ni chafu. Nimepiga deki mara mbili. Nimefuta ile chaki juu ya mlango wa Mama Halina, kama kila Januari. Siku hizi ni mlango wake peke yake. Mgongo unauma.

Jumatano, 14 Januari

Mwanangu Esther kaniletea daftari. Maktaba ya mtaa inaandaa maonyesho ya historia ya Hagsätra, naye anasaidia huko baada ya chuo. Wana picha za Waswidi wa kwanza, Wafini, Wachile. Mpolandi hakuna hata mmoja. Na majengo haya, nilipoanza kazi miaka kumi na sita iliyopita, yalikuwa yao. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba basi niandike mimi.

Sawa. Mama Halina ndiye Mpolandi wa mwisho, na hafungulii mtu mlango ila mimi. Tarehe thelathini na moja anahamia Gdańsk, huko kwao, kwa mwanawe. Akiondoka, hakuna wa kuulizwa.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekaa saa tatu nzima kwa Mama Halina. Chai yake ni maji ya moto na limau. Maziwa hakuna, tangawizi hakuna. Nimekunywa kwa heshima.

Anakumbuka mlango kwa mlango. Zbigniew, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akiwahi treni ya alfajiri kwenda kazini mji wa Södertälje. Danuta wa ghorofa ya pili, aliyekata watu nywele jikoni kwake. Mume na mke waliogombania mbwa mpaka mbwa mwenyewe akahamia kwa jirani. Jumamosi wote walikutana chumba cha kufulia, wakafunga vifurushi vya kahawa na sabuni vya kupeleka kwao. Milango kumi na tisa kwa jumla. Tumefika saba.

Nimemwonea wivu. Anawajua wote kwa majina. Nimeikumbuka Uvira, mji wa kwetu.

Jumatano, 21 Januari

Tumefika kumi na tano. Nikamuuliza alipohamia hapa alijuaje mlango upi ni wa Mpolandi.

Kwa chaki, akasema. Sikukuu ya Wafalme Watatu, wale mamajusi, mwanzoni mwa Januari, padri anabariki chaki. Unarudi nayo nyumbani, unaandika mwaka na herufi tatu za majina ya wafalme hao juu ya mlango. Ni baraka ya nyumba. Haifutwi. Inaachwa mpaka ififie yenyewe.

Kisha mwaka mmoja zote zikafutwa. Mwaka uliofuata, tena. Zbigniew akasema ni majirani, hawatutaki hapa. Danuta akaacha kuandika, baadaye akahama. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nimekiweka mezani. Nimetoka kama mwizi.

Alhamisi, 22 Januari

Hii shajara yangu hakuna aisomaye, kwa hiyo niandike.

Uvira, wakati wa vita, watu wenye silaha walipita mchana na chaki. Mlango uliochorwa mchana, usiku ulivunjwa. Geti letu lilichorwa. Mama alilifuta kwa kitenge alichovaa, tukapona. Waliochelewa kufuta hawakupona.

Januari yangu ya kwanza kazini nilikuta chaki juu ya milango kumi na tisa. Nilichovya kitambaa nikafuta mmoja baada ya mwingine, mbio, kabla mtu hajatoka. Nilidhani nawaokoa. Baadaye hofu iliisha, mkono ukabaki na mazoea. Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu utotoni. Mimi sikuuliza. Na wao hawakunishuku, kwa sababu ni mimi niliyewasalimia kila asubuhi.

Nina hasira na nafsi yangu.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani nimeimba kwa midomo tu.

Nimemwambia Esther. Akanikumbatia, akasema kwa Kiswidi chake kitamu kwamba si kosa langu, na kwamba hakuna haja ya kuyaandika hayo, maonyesho ni ya Wapolandi. Nimemkasirikia, maskini, na alitaka kunifariji tu. Lakini nikiyaacha, daftari litasema majirani ndio waliofuta. Utakuwa uongo, tena kwa mwandiko wangu.

Ila kabla ya daftari, yupo Mama Halina. Zimebaki siku sita. Naogopa.

Jumatano, 28 Januari

Nimemwambia. Kiswidi kilinikimbia, nikaanza upya mara tatu. Nilieleza Uvira, geti, kitenge cha mama. Mama Halina alikuwa anafunga sahani kwa magazeti. Mikono yake haikusimama.

Alipomaliza sahani ya mwisho akasema, "Danuta alilia jikoni kwangu, hapo ulipokaa."

Akainuka, akanifungulia mlango. Nikatoka.

Alhamisi, 29 Januari

Deki. Mlango wake umefungwa. Nimepita kwa kunyata, mimi na ndoo yangu, kana kwamba ngazi si kazi yangu.

Jioni nimeandika ukurasa wangu kwenye daftari. Nani alifuta, kwa nini, miaka mingapi. Jina langu lote. Esther amesoma, hakubishana. Milango minne haijapata majina. Labda haitapata.

Ijumaa, 30 Januari

Nilikuwa ghorofa ya kwanza na fagio. Mama Halina akaniita kutoka juu.

Nyumba tupu, maboksi tu. Chai imo kwenye vikombe vya karatasi. Amenipa majina ya milango minne iliyobaki, haraka, kama mtu anayekabidhi funguo. Kisha akaomba daftari. Akafika kwenye ukurasa wangu, akausoma wote, kidole kikifuata mistari. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Akageuza daftari nyuma, penye kurasa nyeupe, akachukua kalamu.

"Sasa kwenu," akasema. "Anza mlango wa kwanza."

Nilicheka kwanza. Miaka kumi na sita mtaani humu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema: wa kwanza Mama Nabintu, muuza ndagala, dagaa wa kwetu. Wa pili Mwalimu Byamungu na redio yake. Wa tatu sisi. Akaandika kwa tahajia ya Kipolandi.

Wa nne ulinipotea. Mlango nauona, hata beseni lililokaa kizingitini naliona. Jina halikuja. Nililia, wala sikuficha.

Mama Halina hakunihimiza. Aliandika namba nne, akaacha mstari mtupu, akaniuliza wa tano.