Nimemwambia Idi, Shangazi

Shangazi,

Nimemwambia. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini ulituacha kabla sijapata ujasiri.

Unakumbuka zile siku saba kabla ya harusi yangu, wewe ukiwa somo yangu, umenifungia chumbani kwako Kabiria? Ulinifundisha kujifukiza udi, kujisinga liwa, kumpokea mume. Nilicheka mpaka ukanifinya. Yote yalinifaa. Kisha nikamzaa Nasra, mambo yakabadilika. Kila Idi aliponijia niliumia, nikang'ata meno, nikangoja amalize. Mwishowe nikawa najifanya nimelala. Mwaka mzima, Shangazi. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Akahamia sebuleni, eti mgongo unamsumbua.

Nilikuja kukueleza ukiwa tayari umelazwa hospitalini kule Upper Hill. Nilidhani utanipa dawa. Ulinishika mkono.

"Mwanangu, nilikufundisha kumpendeza. Kusema sikukufundisha, kwa sababu mwenyewe sikujua."

Ukaniambia uliishi na marehemu mumeo miaka thelathini, na hata siku moja hukumwambia unachopenda wala kinachokuuma. "Amekufa akidhani anajua." Ukalia, wewe ambaye sijawahi kuona chozi lako. "Hili usilirithi kwangu."

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya arubaini yako. Nasra alikuwa kwa jirani. Idi alikuwa akipiga pasi mashati yake ya kazini. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Idi, naumia. Tangu nijifungue, tukilala pamoja naumia."

Alizima pasi. Nilidhani atakasirika.

"Mimi nilijua umenichoka," akasema. "Nilidhani hata nikikugusa unaona kinyaa."

Shangazi, mwanamume huyu mwaka mzima alilala kwenye kochi akiamini simtaki! Akaketi kitandani, akafunika uso. Halafu akaniuliza jambo ambalo hajaniuliza tangu tuoane: "Wewe unapenda nini?"

Anayoyapenda yeye nayajua yote. Yangu mwenyewe, sikujua hata moja. Tulicheka, tukaoneana haya kama wachumba.

Tulienda hospitali; daktari alisema kovu la kushonwa nilipojifungua halikupona sawasawa, akanitibu. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Siku nyingine namwambia, "Ngoja," au, "Leo nishike tu," naye ananishika tu. Siku nyingine yeye ndiye amechoka, anasema, nami sinuni. Na yale niliyokuwa siyajui, nayajua sasa, moja moja. Nimeyataja kwa mdomo wangu, mbele yake, taa ikiwaka. Najua ungenifinya.

Nisikufiche, nimekukasirikia pia. Ungeniambia mapema, nisingepoteza mwaka. Kisha nafikiria kwamba wewe hukuwa na wa kukuambia, na hasira inaniishia.

Zuhura, yule binti wa jirani, anaolewa baada ya Ramadhani, na mama yake ameniomba niwe somo yake. Nitamfundisha yote uliyonipa, sitapunguza. Lakini siku ya kwanza kabisa nitamkalisha aseme kwa sauti, "Hapana," kisha aseme, "Hivi napenda." Akiona haya, nitamngoja. Tuna siku saba.

Pumzika, Shangazi. Mola akupanulie kaburi lako.

Mwanao,
Rukia