Giaboksi ya Kathonzweni

Alhamisi, Ikutha. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kesi na sisi. Wingu moja lilipita, tukatoka wote nje kuliangalia, likaenda zake Tsavo kunyeshea ndovu.

Leo lori limenguruma tena. Wanawake wamepiga vigelegele, pasta amelia machozi mbele ya watu, na mitungi imepangwa mstari kutoka mlango wa kanisa hadi dukani kwa Abdi. Mume wangu Musyoka, ambaye ndiye dereva, amelizungusha uwanjani akipiga honi kama bwana harusi. Mimi nilikuwa jikoni, nimefunga mlango. Watoto walipouliza nikasema ni moshi unaniuma macho.

Hakukuwa na moto.

Wacha niandike tu. Kuomba nimeomba, haikusaidia.

Haya malori yetu mawili yalikuwa ya jeshi. Si jeshi la hapa, ni la Ujerumani ya mashariki, ile ambayo siku hizi haipo. Yaliletwa na Horst, Mzungu mwembamba mwenye mabega ya paredi, ambaye alikuwa afisa wa usafiri katika divisheni moja huko kwao. Mimi nilidhani divisheni ni kama ile ya matokeo ya mtihani. Musyoka akacheka, akanieleza kwamba ni maelfu ya askari na kila kitu chao: vifaru, jikoni, makanika, madaktari, hata bendi. Maisha yake yote Horst aliyamaliza humo, akifundishwa kuwa adui ni Mjerumani mwenzake wa upande wa pili. Halafu Ujerumani mbili zikaungana. Sisi tulisikia kwenye redio tukasema, Ngai, hao wamebarikiwa.

Kumbe kuna walioungana na kuna walioungwa.

Siku moja alituhadithia akiwa amelala chini ya lori, tunaona viatu tu. Kiswahili chake ni cha kuokotaokota, lakini hili alilisema bila kukwama. "Jioni tulishusha bendera. Asubuhi tukapewa nguo za adui, tukaambiwa ni zetu." Wakaja maafisa wa upande wa pili, watu wapole, wanasalimia kwa mkono. Wakaahidi kwamba jina ndilo litabadilika, watu watabaki. Baada ya muda wakaanza kuita mmoja mmoja ofisini: wewe kaa, wewe nenda. Horst akaambiwa ataje madereva wake wa kubaki. Akawataja. Rafiki yake mmoja, aliyemfundisha kuendesha lori akiwa kijana, hakumtaja, kwa sababu alikuwa mzee na nafasi zilikuwa chache. Yule rafiki hajamsalimu tena mpaka leo. Halafu hata hao waliobaki hawakubaki, maana divisheni yenyewe ilifutwa, na Horst naye akaambiwa asante, nenda nyumbani. Malori yakaegeshwa kwenye uwanja mpaka nyasi zikamea katikati ya magurudumu. Mengine yaliuzwa, mengine yakakatwa vyuma. Mawili yakapewa kanisa moja la huko kwao, nalo likatuletea sisi. Horst akaomba kuja nayo. Alisema hakuna kitu kingine alichobakiwa nacho cha kutunza.

Nilimhurumia sana siku hiyo. Nilimpikia isyo, mahindi yetu na maharagwe, akala akamaliza, akaomba tena.

Lori moja likakaa hapa Ikutha. La pili likavuka mto Athi likaenda Kathonzweni, upande wa Makueni. Kathonzweni ndiko nilikozaliwa, na mama yangu yuko huko bado, peke yake, na magoti yasiyotaka kutembea. Huu ni msimu wa pili hatujavuna hata kikombe cha pojo. Ukichimba mchanga wa mto unapata mchanga mwingine. Maji yote tunayokunywa hutoka Kibwezi kwa malori hayo, na siku lori lisipokuja watu hulala na kiu.

Mwezi uliopita giaboksi ya lori letu ikafa. Musyoka aliifungua, akaniangalia, akatikisa kichwa. Spea haziko Nairobi, haziko Mombasa. Horst alisema haziko hata kwao, kwa sababu kiwanda kimekwenda na nchi yake. Giaboksi iliyobaki ni moja, ile iliyo ndani ya lori la Kathonzweni.

Kamati ya maji ya kanisa ina watu wa pande zote mbili, na mimi ni mwakilishi wa akina mama. Tuliketi Jumapili baada ya ibada. Lori la Kathonzweni linatembea lakini injini inakunywa oili. Letu lina injini nzuri lakini halina giaboksi. Pasta akamwomba Horst aamue lori lipi libaki, yeye ndiye mtaalamu. Mzungu akasimama, akavua kofia, akasema, "Nilichagua mara moja. Sichagui tena." Akatoka nje!

Nilikasirika, jamani. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba hata sisi hatukuzaliwa na kazi hiyo. Mtu mzima, afisa, anatuachia kisu na kutoka nje kupunga hewa.

Basi ikawa kuinua mikono. Watu wa Kathonzweni wakainua kwa ajili ya kwao, wa Ikutha kwa ajili ya kwetu, ikawa sawa kwa sawa. Ukabaki mkono wangu. Wote wakaniangalia. Upande mmoja wananiita binti yetu, upande mwingine wananiita mke wetu, na siku hiyo hakuna aliyeniita chochote.

Niliinua kwa ajili ya Ikutha.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifikiria injini. Watu wa hapa wanasema hivyo, kwamba Mwikali ana akili, alipima injini na injini. Uongo mtupu. Nilimfikiria mtoto wangu wa mwisho, anayeharisha tangu wiki ile nyingine, na midomo yake iliyopasuka. Mama yangu nilimfikiria pia. Nilimwona kabisa, na nikainua mkono huku ninamwona. Mkuki kwa nguruwe, husemwa. Kwa mama yako je?

Tumeahidi kwamba lori letu litapeleka maji Kathonzweni kila Jumamosi. Horst alipoambiwa hivyo aliitikia tu kwa kichwa. Nadhani alishawahi kuahidiwa.

Mtu ataniuliza kwa nini simleti mama akae hapa. Huyo si Mkamba. Kwetu kuna nthoni, heshima ya mkwe: Musyoka hawezi kukutana na mama yangu uso kwa uso, na mama hawezi kulala chini ya paa la mume wangu. Wakikutana njiani, mama hujifunika leso na kuingia vichakani. Nilimtumia ujumbe mwaka jana kwamba shida imezidi, aje tu. Akajibu kwamba kiu haijawahi kumvunjia mtu heshima.

Jumatatu Musyoka na Horst walikwenda kung'oa giaboksi. Wamerudi nayo jana, na leo wameifunga. Mchana huu, kelele zilipotulia, Musyoka ameniita nyuma ya nyumba akanieleza yaliyotokea huko. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Lori la Kathonzweni lilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, karibu na boma la mama. Walifungua nati watu wamesimama wanatazama, hakuna anayetukana. Musyoka anasema ilikuwa kama kuchinja ng'ombe wa mtu mbele yake. Walipomaliza, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko, Ndunge, jirani wa mama, akaja na karai la maji. Yametoka kwa mama mkwe, akasema, mkwe wake asile na mikono michafu.

Yale yalikuwa maji ya safari ya mwisho ya lori lao.

"Na ukanawa?" nikamuuliza.

"Ningekataa ungesema nimemtukana mama yako."

Ni kweli, ningesema. Lakini nilitaka kumpiga.

Halafu Ndunge akamletea swali la mama. Mama alikuwa amesimama nyuma ya ua wake wa miti, leso usoni, anangoja jibu: je, Mwikali alikubali jambo hili? Na mume wangu, ambaye hajawahi kudanganya hata karani wa kodi, akajibu kwa sauti ili asikie, "Alikataa, mama. Walimshinda kwa kura."

Musyoka anasema tangu Jumapili wanawake wa pale walikuwa hawamsalimu mama, maana binti yake ameolewa Ikutha. Baada ya jibu lile, mama alitoka nyuma ya ua, akampa mkwe wake mgongo kama inavyotakiwa, akawaambia wote waliosimama pale, "Mmesikia? Mtoto wangu alikataa kwa ajili yetu." Na wakaanza kumsalimu. Mmoja akamshika mkono.

"Mwache na amani yake," Musyoka ameniambia. "Kura haikuandikwa majina. Wa kwao waliokuwa kwenye kamati wana aibu kuliko wewe, kwa kurudi mikono mitupu, hawatasema."

Labda hawatasema. Labda mama atakufa akijivunia mimi. Nimeuzungusha huo uwezekano kichwani mchana wote, na nakiri kwamba kuna wakati ulikuwa mtamu. Lakini wao wanamsalimu kwa ajili ya mtu ambaye hayuko. Na mimi ndiye mtoto wake, huyo mwingine simjui.

Jumamosi lori linakwenda Kathonzweni na mimi nitakuwa ndani. Pasta akitaka kunitoa kwenye kamati, anitoe. Sitangoja mama achemshe chai wala aniulize habari za watoto. Nitaketi chini kwenye udongo, nimwambie: Mwaitu, mama yangu, mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Akiniuliza awaambie nini wanawake wa pale nje, sina jibu. Akinifukuza, nitaondoka. Ila anifukuze mimi.