Rehani Tu

Baba Tabitha,

Ndizi zimo chunguni, zipashe moto. Maziwa yako kwenye kibuyu. Mbuzi wasiguse mche wa kahawa hata mmoja.

Sasa la asubuhi. Uliniambia ninyamaze mbele ya mwenye duka, nikanyamaza kwa heshima ya mgeni. Kwenye karatasi sinyamazi. Unaitaka ile nyumba yake ya bati karibu na boma la Mdachi, umlipe kidogo kidogo, na shamba letu likae rehani. Tena ukacheka: "Rehani tu, Mama Tabitha, kama ng'ombe wa kufugiwa."

Sivyo! Ng'ombe ukimpa jirani akufugie, yeye anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako hata mwaka ukiwa mbaya. Ukiweka rehani, siku ukishindwa kulipa, ulichoweka kinakwenda. Kahawa ikikauka msimu mmoja tu, migomba aliyopanda mama yako inakuwa ya mwenye duka. Hilo hakulitamka, nawe hukuuliza.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi ukishamwambia hapana.

Niko na mtoto kwa kaka yangu kule Tengeru. Ukifika zizini usipige kelele za mwizi: dume lako jekundu la ng'ombe nimeondoka nalo mimi. Nimemwekea kaka. Kama hujamkatalia mwenye duka kufikia Jumapili, dume ni la kaka.

Usiwe na wasiwasi, mume wangu. Ni rehani tu.

Mama Tabitha