Kwa Deo, Aliyebaki Kwenye Korongo la Bahari

Kaka Deo,

Jana tulikuzika, ingawa hukuwepo.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho hapa Kimuli? Ulituonyesha kwenye simu picha za kamera mliyoishusha kutoka kwenye meli yenu ya utafiti: mlima mzima chini ya bahari, gizani, umejaa vitu kama miti isiyo na majani, yote imeelekea upande mmoja.

"Inamtazama nani?" mama akauliza.

"Mkondo, mama. Hao ni wanyama, si miti. Maji yakigonga mlima hupanda na kuzunguka kilele, yamebeba chakula. Wao hawatembei. Hungoja tu, vinywa wazi."

"Wanakula nini?"

"Chochote kinacholetwa."

"Kama wewe na ndizi za mama yako," baba mdogo akakutania. Mama hakucheka.

Ulipoanguka kutoka melini na kutafutwa bila kuonekana, baba mdogo alisema tuzike mgomba badala ya mwili wako, kama wafanyiwavyo wasioonekana. Mama alikataa. "Mtu asiyejulikana alikolala hazikwi." Matanga yakakaa bila kuanuliwa.

Nikampigia mwenzako wa melini. Alisema chini ya pale ulipoanguka pana korongo refu, na maji yake hushuka na kupanda kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Hubeba matope, magogo na majani ya mitoni hadi kilindini. Kwenye kingo za mwamba, penye mkondo mkali, husimama wale wanyama wenye vinywa wazi. Mkondo unapolegea, matope hutua na kufunika kila kitu.

Nilimweleza mama yote, sikupunguza.

"Sasa yeye yuko wapi? Kwenye vinywa au kwenye matope?"

"Haijulikani, mama. Huenda bado anapanda na kushuka."

Aliendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha. Kisha akamwita baba mdogo. "Kata huo mgomba. Asitangetange."

Tuliulaza kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani, kando ya kaburi la baba. Katekista aliomba, majirani wakatupia udongo.

Asubuhi hii kisiki cha mgomba ule tulioukata kilikuwa kimesukuma juu moyo wake mweupe, urefu wa kiganja. Kila mgomba uliokatwa hufanya hivyo. Mama amekata migomba maisha yake yote, analijua hilo. Lakini alisimama pale akanishika mkono.

"Bado anapanda," akasema. "Wewe anakusikia. Mwambie alale."

Lala, Deo.

Mdogo wako