Uyoga Si Mboga

Chuoni, Rongo

Kwa mama yangu Filister,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umekuachia, na jua la Muhuru linakausha vidagaa vyako vya omena bila mvua kukuharibia. Mimi mwanao sijambo. Nala, nasoma, na shuka ulilonishonea linaonewa wivu na chumba kizima. Simu ninayo, lakini haya ningeyaanza kwa simu ningelia, ndiyo maana nimempa jirani yetu Scovia akuletee barua hii akishauza omena zake hapa sokoni.

Wiki hii mwalimu wetu wa biolojia, Daktari Onsongo, alitufundisha jinsi viumbe wanavyopangwa. Alisema vyote vyenye uhai vimegawanywa katika makundi makuu matatu yaitwayo domeni. Mawili ni ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria na akea. La tatu, yukaria, ndilo letu sisi wengine, na humo mna himaya ya wanyama, ya mimea na nyinginezo. Kumbe wewe, mimi, omena na sukuma wiki tumo domeni moja. Nilicheka peke yangu nikikumbuka unavyowatukana bata wanaodokoa omena zako. Hao nao ni jamaa zetu, Mama, tena wa himaya moja.

Kisha akauliza uyoga uko himaya gani. Wenzangu wakasema mimea. Mimi nikasema wanyama, kwa sababu siku zile tulipokosa kitu ulikuwa ukiuchuma kando ya kichuguu, unaupika kwa maziwa na kuniambia, nyathina, mwanangu, kula nyama. Darasa likaangua kicheko. Daktari akasema sote tumekosea: uyoga ni kuvu na una himaya yake, ila ukoo wake uko karibu na wanyama kuliko mimea. Watu wa zamani waliuweka kwa mimea kwa kuwa waliuona umesimama udongoni. Siku hizi, alisema, kiumbe hakipangwi kwa pale kilipoota, hupangwa kwa ukoo.

Neno hilo lilinichoma. Mimi nilizaliwa Mkuria, nikaota kwako wewe Mjaluo. Hukunificha kamwe, hata jina langu la Kikuria, Bhoke, uliniachia, na majirani walipouliza mtoto huyu ni wa nani, ulijibu ni wako ukaendelea kuanika omena. Kwa hilo sina shukrani itakayotosha.

Sasa Mama, kaa chini. Jumamosi alinijia mzee kutoka upande wa Kehancha, Nchagwa jina lake, kaka wa marehemu mama aliyenizaa. Amenitafuta miaka. Nilimwogopa, nikidhani amekuja kunirudisha kwao nawe ubaki peke yako. Nikamwambia mapema kwamba mama yangu yuko Muhuru. Akasema huyo ndiye anayetaka kumwona. Ana mtamba wa ng'ombe wa kukuletea kwa kunilea, na hatakanyaga boma lako usipomruhusu.

Nikamsimulia kisa cha uyoga. Alicheka, kisha akafuta macho. Akasema hata huyo dada yake aliyenizaa, siku za njaa, alikuwa akiwapikia wadogo zake uyoga na kuwaambia wale nyama.

Mama, naomba umruhusu. Ukikubali, tutakuja pamoja mvua zikianza. Nisalimie Bonface na wote wanaoanika nawe ufukoni, na Mungu akulinde.

Usihangaike kuchinja kuku. Tafuta uyoga.

Ni mimi mtoto wako,
Bhoke wa Filister