Swali la Kumi na Saba

Kamalondo, Lubumbashi
12 Agosti 1991

Yaya mpenzi Bijou, dada yangu mkubwa,

Mdogo wako nakusalimu sana. Hamjambo huko Kilwa yetu ya ziwani? Shemeji Kalaba je, na miguu yake? Na wewe na tumbo lako la miezi mitano, mnalala vizuri? Sisi huku tu wazima, umeme tu ndio mgonjwa. Gunia la samaki nimelipokea kwa Kalenga dereva, halina funza hata mmoja. Majirani walikuja na sahani kabla sijalifungua.

Unaniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana watu wa Kilwa wanasema nanyonya damu. Si uongo sana. Mama akijifungua, nachukua damu kidogo ya kitovu, naipima. Mwilini kuna wajumbe, tunawaita homoni. Mmoja hutoka kwenye tezi ya shingoni mwa mama kwenda kuuambia ubongo wa mtoto ukue vipi. Sasa kuna kemikali zinazojifanya mjumbe, kama mtu anayeleta barua ya uongo kwa mwandiko wa baba. Mtoto anaitii. Anazaliwa mzuri, vidole vyote vipo, halafu kusema kunachelewa, kuelewa kunachelewa. Nataka kujua kemikali hizo zinaingilia wapi.

Nakutumia maswali arobaini tunayowauliza wajawazito. Nimeyatafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa. Jibu kweli, usinifanyie mzaha.

Mdogo wako,
Émerance


Kilwa
3 Septemba 1991

Kwako mdogo wangu msomi,

Barua yako imetukuta wazima, nasi tunaomba hii ikukute hivyo hivyo. Miguu ya Kalaba inavimba na kupungua, kama ziwa.

Kuuliza si ujinga, lakini maswali arobaini, Émerance! Kwenye la tisa mtoto alipiga teke. La kumi na saba, “Je, wakati wa mimba umetumia dawa yoyote?”, nimeandika hapana, na ni hapana ya kweli. Kichwa kimeniuma wiki nzima, sikumeza hata kidonge. Mama alituzaa tisa bila kidonge.

Usiniambie nipumzike. Nakausha, napanga, nafunga magunia mwenyewe, maana vibarua wanaharibu. Samaki hawa ndio waliokusomesha, na huyu aliye tumboni watamsomesha.

Yaya wako,
Bijou


Lubumbashi
6 Novemba 1991

Yaya,

Habari za mwili ni nzuri. Nimeambiwa nishukuru, nashukuru.

Mmesikia bila shaka. Askari walianza kupora maduka, watu wakafuata, siku ya pili wakafika kwetu maabara. Friji ilibebwa na wanaume wanne. Damu waliimwaga uani kwanza ili friji iwe nyepesi. Miezi kumi na minne ya kazi. Damien, fundi wetu, alileta ndoo ya maji akaosha saruji. Nilisimama nikimwangalia. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Wageni tuliofanya nao kazi wamepanda ndege.

Daftari la majibu lilikuwa kwangu nyumbani. Wanawake sitini na mmoja niliokwisha kuwapima. Hamsini na wawili kati yao wana sumu ileile kwenye damu, sumu ya kuulia wadudu, na pale ilipo nyingi, yule mjumbe wa shingoni amepungua. Wote hamsini na wawili wamejibu hapana kwenye swali la kumi na saba. Sumu hainyeshi na mvua, yaya. Sielewi inatoka wapi.

Niandikie mara utakapojifungua.

Mdogo wako,
Émerance


Kilwa
20 Januari 1992

Mdogo wangu,

Piga vigelegele! Majina wako amezaliwa tarehe kumi na nne Desemba. Msichana. Tumempa jina lako, kwa hiyo sasa mko Émerance wawili. Vidole vyote vipo, nilivihesabu kwa sababu yako. Ni mpole mno. Mama mkwe anasema hajaona mtoto asiyesumbua namna hii. Ananyonya, analala, basi.

Pole kwa friji. Yaliyomwagika hayazoleki, utaanza upya.

Nina ombi. Dawa imetuishia, na wauzaji wanasema maghala ya mjini yameporwa. Ni ule unga mweupe tunaoukoroga na maji na kuwanyunyizia samaki ili inzi wasitage. Karibu wote tunautumia hapa ufukweni. Ukiuona popote, mpe Kalenga. Bila huo, gunia ni funza tupu kwa siku tatu.

Yaya wako, sasa Mama Émerance,
Bijou


Lubumbashi
2 Februari 1992

Yaya,

Leo sikuulizi hali. Nisamehe.

Acha dawa hiyo. Usiiguse, na usimbebe mtoto kwa nguo ulizovaa ukinyunyiza. Ndiyo iliyo kwenye daftari langu.

Nilikwenda kwa jirani yangu Mama Constance, anayeuza samaki sokoni. Kwenye orodha ni namba nne. Nikamuuliza kwa nini alisema hakutumia dawa, na kopo la unga huo liko chini ya meza yake. Akanionea huruma. “Ile iko dawa ya samaki, Madame. Haiko dawa ya muntu.”

Kwa Kifaransa yalikuwa maswali mawili: la dawa za hospitali, na la kemikali. Mimi niliona dawa ni dawa, nikayafanya moja. Nyote mmejibu kweli. Ningeuliza vizuri mwezi wa nane, ungepata miezi minne ya kuacha. Najua hivyo, naandika hivyo, wala moyoni sisikii kitu. Na magunia yako niliwagawia majirani wenye mimba kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Émerance


Kilwa
27 Septemba 1992

Émerance,

Tu wazima. Miezi saba sikukuandikia kwa sababu nilikasirika. Nilisema, huyu amekula samaki wetu mpaka akapata diploma, leo diploma inatuita wachawi.

Kisha nikaiacha dawa. Kalaba hakuacha. Barabara imekufa, gari linalala njiani siku tisa, na samaki wangu wasio na dawa walifika mjini karibu watembee wenyewe. Wa Kalaba waliuzwa wote. Sasa nakaa na mtoto kwa mama mkwe, Kalaba anakausha peke yake, na tunachokula kinatoka kwake.

Majina wako ana miezi tisa. Wenzake wanasema ba-ba, ta-ta. Yeye kimya. Ukigonga sufuria anageuka, basi masikio yapo. Nikimwita jina lake hageuki.

Zamu yangu kuuliza, na nina swali moja tu. Atasema, au hatasema? Usiniandikie mambo ya kitabu.

Yaya wako,
Bijou


Lubumbashi
8 Novemba 1992

Yaya,

Sijui. Nimekaa na neno hilo wiki mbili nikitafuta lingine. Daftari linaweza kusema wengi watachelewa, haliwezi kusema huyu. Wapo waliochelewa, kisha wakafika. Kuna daktari mmoja ambaye bado hajaondoka, anaweza kumwangalia tezi. Kama ni hiyo, mapema ni afadhali. Mlete kwangu.

Nimezunguka Kamalondo kuwatafuta wale sitini na mmoja niwaambie. Nimewapata ishirini na tisa. Wengine ni Wakasai, wenye asili ya mkoa mwingine, wamefukuzwa mjini, wako stesheni wakisubiri treni. Damien wetu naye yuko hapo na wanawe watano, wanalala juu ya mizigo. Nilikuwa naongea naye, mtu akapita akasema, “Barudie kwabo.” Zamani ningemjibu. Nilimaliza maneno yangu na Damien, nikaenda nyumbani.

Mama Constance nilimweleza yote, polepole, mpaka akaelewa. Akaniuliza, “Sasa tutakula nini?” Ilikuwa saa ya chakula, akasonga bukari, akanitengea na samaki. Nikala.

Wewe uliuliza swali moja nami nimeshindwa. Najua ulivyolisubiri. Nisamehe, yaya, kwa hili na kwa lile la kumi na saba.

Mdogo wako,
Émerance


Kilwa
11 Januari 1993

Mdogo wangu,

Kalaba anakusalimu. Ndiye aliyekwenda kutuombea nafasi kwa Kalenga. Hasemi mengi siku hizi, lakini nafasi ameipata. Gari litaondoka Jumanne mvua ikipungua. Mkipata habari kwamba tumekwama, msiogope, nina unga wa kutosha.

Mtoto anatembea kwa kushikilia ukuta. Neno bado. Ana tabia ya kukushika uso kwa mikono miwili na kukutazama, na hata ukikasirika haachii.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umesema hujui, basi nami sijui, tuwe wawili. Daktari wako amwangalie, nawe mpime unavyojua, sikatai. Lakini siku ya kwanza usimpime. Siku ya kwanza mbebe tu.

Yaya wako,
Bijou